Mdogo wangu ana mimba, nimempa hongera kwenye simu afu nikajifungia chooni

Nasubiri_Zamu
Habari zenu wapendwa. Samahani itakuwa ndefu, sina pengine pa kulisemea hili. Nina miaka 33, tunatafuta mtoto mwezi wa 19 sasa. Jana usiku mdogo wangu kanipigia, wa mwisho kuzaliwa kwetu, kaolewa juzi tu hata picha za harusi hazijaisha kutumwa kwenye grupu la familia, ananiambia dada kaa chini kwanza. Aliposema tu kaa chini nikajua. Nikamwambia hongera mdogo wangu jamaniii, kwa sauti ya juu kabisa, nikacheka, nikauliza miezi mingapi, nikamwambia asibebe vitu vizito, simu ilipokatika nikaingia chooni nikafungulia bomba ili mume wangu asisikie. Nimelia mpaka nikatapika. Na mjue nilivyo chizi, nilivyotapika kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni "labda nimeshika". Nilikuwa siku ya tatu ya hedhi.

Kinachonitesa siyo kukosa peke yake, ni huyu mtu niliyegeuka kuwa. Huyu mtoto nimembeba mgongoni mimi. Usiku nimelala nikajikuta natamani angesubiri kidogo, yaani angenipisha nipite kwanza, baadae nikaona aibu hata kusali nikashindwa.

Na kila mwezi ni sinema ileile. Wiki mbili za kwanza niko vizuri, apu inaniambia leo siku nzuri kesho siku nzuri, tunatimiza. Wiki mbili za pili nakuwa daktari wa matiti yangu mwenyewe, nayaminya asubuhi, nayaminya mchana chooni kazini, yakiuma nafurahi, yasipouma nanuna. Napima mapema sana najijua, mstari mmoja, nakitupa kipimo kwenye ndoo, nusu saa nakifukua nakipeleka dirishani nakiinamisha huku na huku kama nitaona kivuli cha mstari wa pili. Nimewahi kukipiga picha nikaibadilisha rangi kwenye simu. Saa kumi na moja alfajiri hiyo.

Mume wangu akiniona hivyo anasema "Mungu atatupa" afu anageukia ukutani.

Sasa mama kasema mimi ndo nimsindikize mdogo wangu kwenye ultrasaundi ya kwanza kwa sababu mume wake yupo safarini. Mnaishije na hii kitu nyie wenzangu mliopitia? Siulizi dawa ya kushika mimba, hizo nimeshaambiwa za kutosha. Nauliza mnaishije.

Mstari_Mmoja_Tena
Pole dada. Hapo kwenye ndoo nimecheka huku machozi yananitoka maana nilidhani duniani ni mimi tu nafukua taka. Sisi mwaka wa nne.

Kuhusu mdogo wako, hulii mimba yake wewe, unalia ya kwako ambayo haijaja. Ni vitu viwili vimekuja kwa simu moja ndo maana vimekuchanganya. Mimi shoga yangu wa damu alivyoshika nilimchukia wiki nzima, afu nikamfumia sweta la mtoto, na yote mawili yalikuwa kweli kabisa, sikuwa naigiza kwenye chuki wala kwenye sweta.

Kilichonisaidia mimi ni kidogo kidogo sana siyo siri kubwa. Nimewaomba watu wangu wa karibu wakiwa na habari hiyo wanitumie meseji, wasinipigie. Meseji naisoma peke yangu, uso wangu unafanya unavyotaka, nikimaliza ndo naandika hongera. Simu inakulazimisha ufurahi papo hapo kama umesimama jukwaani. La pili vipimo anakaa navyo mume wangu, sijui anavificha wapi na nimeshatafuta, ananipa siku zikipita tu. Mwezi wa kwanza nilimtukana. Sasa hivi nimezoea, huzuni inakuja mara moja kwa mwezi badala ya kila alfajiri kwa siku sita.

Ultrasaundi usiende. Sema una kazi. Mama atanuna siku mbili atapona.

Kaka_Mkubwa
Dada tatizo lako ni stresi, unawaza sana. Kuna jamaa yangu na mkewe walihangaika miaka sita, wakakata tamaa, wakaacha kuhesabu siku, mwezi uleule mimba. Tulia, furahia ndoa, itakuja yenyewe. Mwili ukiwa na mawazo unafunga.

Mstari_Mmoja_Tena
Kaka nakuheshimu ila hilo neno "tulia" mimi nimeambiwa miaka minne. Nimetulia nimelala chali. Hao jamaa zako tunawasikia kwa sababu walipata, waliotulia wakakosa nani anawasimulia?

NesiWaZamu
Nimetoka zamu ya usiku nitaandika haraka, mnisamehe makosa. Mimi ni nesi lakini kabla ya unesi ni mwanamke nimetafuta mtoto miaka mitatu, kwa hiyo naandika kwa kofia mbili.

Kaka hapo juu najua hujasema kwa ubaya, ila ukimwambia mwanamke anayelia kwamba anakosa mtoto kwa sababu analia umemwongezea mzigo wa pili, sasa inabidi aogope hata hofu yake. Mwaka 2011 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti 14 za wanawake zaidi ya 3,500 waliokuwa kwenye matibabu kama IVF, ile ya kurutubisha yai maabara na kulirudisha tumboni, wakaangalia nani alikuwa na wasiwasi na huzuni kabla ya kuanza na nani hakuwa, afu nani alishika mimba. Hali ya moyo haikuwa ndo iliyotenganisha waliopata na waliokosa. Ni kweli msongo mkali kupindukia, au kukonda sana, unaweza kuvuruga hedhi, na watu wakigombana tendo lenyewe linapungua, hilo sikatai. Lakini kulia chooni hakuzibi mirija.

Ila kulia kila mwezi kunachosha, ndo maana tunatafuta nafuu. Tunaitafuta kwa ajili yako wewe uweze kuishi, siyo kama mbinu ya kupata mimba.

Sasa matiti. Dada yangu acha kuyaminya. Yai likishatoka mwili unatengeneza homoni ya projesteroni, na hiyo inakuja kila mwezi uwe umeshika au hujashika. Ndiyo inayojaza matiti, inayochosha, inayofanya tumbo lijae gesi, inayokuliza kwa tangazo la sabuni. Dalili za kukaribia hedhi na dalili za mimba changa zinatoka chungu kimoja, huwezi kuzitofautisha kwa vidole hata ungekuwa profesa. Na kipimo cha mkojo kinatafuta homoni ya hCG ambayo inaanza kutoka mimba ikishajishika kwenye mji wa mimba, siku 6 mpaka 12 hivi baada ya yai kutoka, halafu inahitaji siku kadhaa kupanda. Ukipima siku ya tisa hata kama umeshika kinaweza kukudanganya. Unalilia jibu ambalo bado siyo jibu.

Kingine hakuna anayewaambia mapema. Hata wenza wazima kabisa, vijana, kila kitu kipo sawa, wakipatia siku zenyewe, uwezekano wa kushika ni kama robo tu kwa mwezi mmoja, mara nyingi chini ya hapo. Yaani miezi mingi ni ya kukosa hata kwa asiye na tatizo. Ndani ya mwaka zaidi ya wenza 80 katika 100 huwa wameshapata, na karibu nusu ya wanaobaki wanapata mwaka wa pili. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kuna tatizo ikishapita miezi 12 bila kinga, na mwanamke akivuka 35 tunashauri asisubiri zaidi ya 6. Nyie mpo 19, kwa hiyo swali langu ni moja tu. Baba kapima?

Nasubiri_Zamu
Nesi Mungu akubariki hapo kwa projesteroni, nimemsomea mume wangu kwa sauti, hilo la tangazo la sabuni kacheka maana lilishatokea.

Hajapima. Mimi nimetolewa damu sijui mara ngapi, ultrasaundi mara tatu, nimechorwa chati mpaka nimekuwa kama ramani, yeye hajawahi hata kutoa mkojo. Nikimgusia anasema "mimi mbona niko fiti". Sitaki ugomvi. Na siku za kutafuta zenyewe zimekuwa kama zamu ya ulinzi, saa tatu usiku tunaangaliana kama watu wenye deni. Mwezi uliopita siku yenyewe aliniambia kachoka nikamnunia siku nne, siku nne nyie, mtu kachoka tu.

Bwana_Kimya
Mimi mwanaume, huwa nasoma napita. Leo niseme kwa sababu hiyo "Mungu atatupa" na kugeukia ukutani ni mimi kabisa miaka miwili iliyopita. Kwa upande wangu ile haikuwa imani, ilikuwa namna ya kufunga mada. Namwamini Mungu lakini pale nilikuwa namtumia kama mlango.

Na kule kusema niko fiti ilikuwa hofu. Mwanaume anajua kabisa kwamba akipima karatasi inaweza kurudi na jibu, na hilo jibu atatembea nalo. Bora mtu usijue ndo unavyojidanganya. Huku mke wangu anameza vidonge, anachomwa, anajilaumu mimba aliyowahi kuitoa au dhambi sijui gani ya usichana.

Nilienda siku nilipomkuta ameandika kwenye daftari tarehe za hedhi za miaka miwili, na pembeni ya kila moja kaandika kitu anachodhani alikosea mwezi ule. "Nilibeba ndoo." "Nilikunywa kahawa." "Nilimkasirikia mama." Nikakaa pale kitandani na lile daftari. Kesho yake nikaenda.

Kupima kwenyewe nisiwadanganye ni aibu lakini siyo maumivu. Wanakwambia usikutane na mke siku mbili au zaidi lakini zisizidi saba, unapewa kikopo, waliniambia naweza kutolea nyumbani ila kifike maabara ndani ya saa moja na kisipoe. Nikakiweka kwapani ndani ya koti, foleni ikanikamata, mtu mzima nimebanana kwenye gari nalea kikopo kama kuku anayeatamia yai. Jibu likaja, mbegu chache na nyingi hazitembei vizuri. Miaka miwili ya daftari la mke wangu, na sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa kwangu. Daktari akasema wala siyo ajabu, karibu nusu ya wenza wanaohangaika kuna kitu upande wa mwanaume, ama peke yake ama kwa pamoja na mwanamke. Mbegu zinachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa kwa hiyo chochote unachobadilisha leo, sigara, kuoga maji ya moto sana, uzito, matokeo yake utayaona baada ya hapo. Nimeacha sigara. Mbegu zimepanda kidogo, mtoto bado.

Dada, usimuombe kitandani wala siku zile za hatari za apu. Muombe mkiwa mnatembea au mpo kwenye gari, mnaangalia mbele wote, wanaume tunaongea vizuri tukiwa hatutazamwi usoni. Na usimwambie "ukapime". Mwambie umechoka kubeba peke yako. Mimi ningeambiwa hivyo ningeenda mapema.

Kaka_Mkubwa
Nimesoma nimenyamaza. Hilo daftari limenigusa. Nafuta kauli ya mwili kufunga.

Tumefunga_Kitabu
Habari. Huwa sichangii huku kwa sababu kila mtu anakuja na ushuhuda unaoishia na mtoto, na mimi wa kwangu hauishii hivyo. Miaka minane. IVF mara tatu, ya pili ilishika ikatoka wiki ya saba. Nikafika 44 tukaacha.

Siandiki kuwatisha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo hili wakati fulani maishani, kwa hiyo sisi siyo wachache, ila ukimya wetu ni mkubwa. Naandika kwa sababu Nasubiri kauliza mnaishije, hakuuliza mlipataje, na hilo swali ndo pekee ninaloweza kulijibu.

Kilichoniokoa ni kwamba kabla ya raundi ya tatu tulikaa mezani tukaandika kwenye karatasi mwisho wetu. Siyo daktari atuambie wala hela ituambie, sisi. Tuliandika hii ni ya mwisho, na tukaandika pia vitu tutakavyovifanya ikigoma, vya kijinga tu, kupaka sebule rangi, kwenda kumuona rafiki aliyehamia mbali. Ilipogoma sikuwa na nguvu ya kufikiri chochote, lakini karatasi ilikuwepo, tukapaka sebule. Nililia nimeshika brashi. Rangi yenyewe siipendi mpaka leo, ni ya njano imezidi.

Na msiba haukuja siku ya kipimo kama nilivyotegemea. Ulikuja miezi mitano baadae nasafisha friji, nikakuta nyuma ya mlango sindano mbili za homoni zilizobaki, zimepitwa na tarehe. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni friji iko wazi inapiga kelele. Mume wangu akaja, hakusema Mungu atatupa, hakusema kitu, akakaa na yeye chini. Friji ikaendelea kulia pii pii tukaicheka.

Kwa hiyo dada siwezi kukuahidi mtoto. Ila usiuweke mwezi mzima ndani ya hizo wiki mbili. Mimi niliahirisha vitu miaka minane, safari hapana labda nitakuwa na mimba, kozi hapana labda nitakuwa na mimba, hata nguo sikununua nikisubiri tumbo. Nunua nguo inayokutosha sasa hivi. Kama kuna kaunsela anayejua mambo haya nenda kamuone mapema kabla hujavunjika, sisi tulienda tumeshavunjika tukawa tunaokota. Na ukiona unaamka hutaki kuishi au wiki zinapita huli hulali, hiyo siyo ya kuvumilia wala ya kuleta huku kwetu, ni ya hospitali siku hiyohiyo.

NesiWaZamu
Nimesoma nikiwa kwenye baiskeli ya mazoezi nimesimama katikati. Asante mama.

Mstari_Mmoja_Tena
Nimemtumia mume wangu skrinshoti ya ile karatasi ya mwisho. Kajibu "sawa tukae Jumapili". Naogopa Jumapili.

Nasubiri_Zamu
Nimerudi, siku tisa zimepita, nisameheni kimya.

Ultrasaundi sikwenda. Sikusema nina kazi, niliandika nikafuta nikaandika nikafuta, mwisho nikamtumia mdogo wangu hivi: "Nakupenda na nimefurahi kweli, ila na mimi natafuta mwezi wa 19 sasa na sikuwahi kukwambia. Siwezi kuingia kile chumba. Nitakuja nyumbani kwako jioni unionyeshe picha nikiwa tayari." Hakujibu kama saa nzima, nikajua nimeharibu. Akajibu, "Dada nilijua. Ile siku kwenye simu ulivyocheka, we hucheki hivyo."

Picha sijaiona bado. Kasema ipo kwenye droo.

Mume wangu niliongea naye kwenye gari kama Bwana Kimya alivyosema, tukiwa tunaangalia mbele wote, nikamwambia nimechoka kubeba peke yangu. Alikaa kimya mpaka tukapita kwetu, kapitiliza nyumba yetu mwenyewe hajui, tukageuzia mbele huko. Jumamosi kaenda. Kikopo kwapani. Majibu wiki ijayo.

Vipimo nimempa avifiche. Nimeshapajua alipovificha ila sijagusa, siku ya saba leo, matiti nayaacha yaishi maisha yao.

Na mimi nimeandikiwa kipimo cha mirija, kile cha kuweka dawa na kupiga eksirei, mwezi ujao hedhi ikiisha. Kama itakuja hiyo hedhi, haya sijasema kitu. Kuna aliyefanya? Inauma kweli?

NesiWaZamu
Wanapanga hedhi ikishaisha na kabla yai halijatoka ili wawe na uhakika huna mimba, ndo maana tarehe inabana. Inauma kama tumbo la hedhi kali kwa dakika chache wakati dawa inaingia, wengine wanasikia kidogo tu wengine wanalia, usijilinganishe. Uliza daktari wako kuhusu dawa ya maumivu, wengi tunawaambia wameze kama saa moja kabla. Beba pedi, utatokwa na matone na ile dawa siku moja mbili. Ukipata homa, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, au uchafu unaonuka, rudi hospitali. Usiende peke yako.

Nasubiri_Zamu
Mdogo wangu kasema atanisindikiza yeye. Na lile tumbo lake. Nimemwambia nitafikiria.

Mstari_Mmoja_Tena
Ukipata tarehe uiandike hapa. Nitakuwa kazini ila simu itakuwa mezani.